Vishimo vya Idder

Habari za Idder zingeandikwa na mtu anayempenda, zingekuwa tamu. Bahati mbaya anayeziandika ni mimi.

Nianze na yale ambayo hata adui hawezi kuyakana. Idder ni mtu wa milimani, upande wa Tafraout. Alishuka hapa Taghazout, pwani ya Moroko, miaka minne iliyopita na begi moja la nguo na furushi la visu, akapanga kibanda karibu na msikiti, akaanza kuchonga vijiko. Baba yake alichonga vijiko, babu yake vilevile, na vijiko vyake vya mti wa argani huwezi kuvitia dosari, nimejaribu. Ana miaka ishirini na tisa na meno yote. Haongei sana, na mtu asiyeongea sana hudhaniwa ana busara. Mkiketi naye kwenye chungu cha tajini hula upande wake tu, nyama haigusi mpaka mwenyeji amsogezee. Mke wangu Ijja alimwona akila hivyo siku moja, na tangu hapo kila nikinyoosha mkono sahanini naambiwa Idder hafanyi hivyo.

Sifa zake zimeisha. Sasa nieleze kijiba cha roho kilianzia wapi.

Kabla ya Idder nilikuwepo mimi, Bihi, fundi wa milango. Nilikuwa na miaka kumi na nne pale mgeni mmoja aliyekuja kwa ajili ya mawimbi alipoondoka na kuacha skeitibodi iliyopasuka nyuma ya nyumba aliyopanga. Niliiunga kwa gundi ya milango, nikapanda, nikateremka nayo njia ya baharini, na kwenye kona ya kwanza nikavunjika mfupa wa bega. Sababu yenyewe ilikuwa ndogo. Ukiinama ili ukate kona, ubao unalala upande mmoja, na gurudumu la upande huo linagusa ubao ulio juu yake. Likigusa, limeuma. Ubao unasimama palepale, wewe unaendelea na safari peke yako.

Nikiwa mkono umefungwa shingoni niliitazama alama nyeusi pale gurudumu lilipouma, nikachukua tupa ya baba, nikachimba kishimo. Kisha nikachimba vingine vitatu. Magurudumu yakapata nafasi ya kuzunguka. Baadaye niliambiwa kwamba huko ng'ambo watu walifanya hivyo tangu kabla sijazaliwa. Sawa. Lakini mimi sikufundishwa na mtu, na hapa kwetu hakuna aliyenitangulia.

Kwa karibu miaka thelathini kila ubao ulioteremka barabara yenye kona ulipita mikononi mwangu. Nilipaka magurudumu wanja wa Ijja, nikaukandamiza ubao kwa mikono mpaka kila gurudumu likaacha alama, nikachimba kwa tupa, nikamalizia na msasa. Ijja amelalamikia wanja wake tangu tuoane. Vishimo vyangu vinne hufanana kama mayai ya kuku mmoja, na havipiti kina kinachotakiwa. Ubao wa skeitibodi ni matabaka saba ya mti yaliyogandishwa pamoja. Mbao zinazouzwa kwetu, tabaka la kwanza ni la rangi ya mti, la pili jekundu, la tatu rangi ya mti tena, la nne bluu. Ukichimba, rangi zinajitokeza pete kwa pete. Vijana wote wa hapa wanaujua msemo wangu: nyekundu salama, bluu kaburi. Aliyefika kwenye bluu amekula nguvu ya ubao, na ubao huo hutupwa.

Basi, miaka miwili iliyopita muuza ndizi mmoja wa Aourir alichoka kunisubiri, akampelekea mchonga vijiko ubao wake. Siku ya pili ubao ule ulikuwa mkahawani kwa Mbark, juu ya meza, kati ya glasi za chai.

"Ami Bihi, hebu pitisha kidole humu," Mbark akaniambia.

"Nimeona."

"Umetazama, hujaona. Pitisha kidole, bwana we, hakiumi."

Nilipitisha. Ilikuwa kama kupitisha kidole ndani ya kijiko kilichokwisha kutumika miaka kumi. Roho iliniuma palepale, tena si kidogo.

"Katumia msasa gani?"

"Msasa hana. Kisu tu, kile kilichopinda cha kuchimbia vijiko."

Nilikaa nikitafuta kosa, na namshukuru Mungu nikalipata. "Mbona havilingani? Hiki kikubwa, kile kidogo, huyu amekaa upande. Ndugu wanne, kila mmoja na mama yake!"

Watu walicheka. Nilijisikia vizuri kwa muda wa mtu kumeza mate.

"Ndivyo anavyofanya," Mbark alisema. "Anakusimamisha juu ya ubao na viatu vyako, anakwambia inama kama unavyoinama barabarani. Wanja unapiga alama kwa uzito wako mwenyewe. Anasema hakuna mtu anayeinama sawasawa pande zote."

"Kwani anashona kanzu?"

"Ndiyo, Ami. Na wewe unauza za dukani."

Safari hii walicheka zaidi, na glasi moja ilianguka. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nilijiambia, watamchoka. Hawakumchoka. Mmoja baada ya mwingine walianza kupita mbele ya mlango wangu na ubao kwapani, wakinisalimia kwa heshima zote, "Amani kwako, Ami," wakielekea msikitini saa ambayo haikuwa ya swala. Wengine waliuficha ubao nyuma ya mgongo. Hao ndio walioniudhi zaidi.

"Mume wangu," Ijja aliniambia, "yule anachonga vijiko. Umeanza lini ugomvi na kijiko?"

"Sina ugomvi na mtu."

"Basi acha kusaga meno, utabaki na uji."

Hasidi hana sababu, watu husema. Mimi nilikuwa nayo, nayo ilikuwa na kibanda karibu na msikiti. Hata hivyo nilibakiwa na kitu kimoja ambacho Idder hakuwa nacho: binti yangu Tilila.

Tilila ni mtoto wetu wa pekee, ana miaka ishirini na mbili, anauza katika duka la dawa. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza baada ya mavuno ya kokwa za argani, vijana wetu huteremka barabara ya Tizi, kutoka tangi la maji mpaka bondeni, kona saba, huku wenzao wakiziba njia kwa baiskeli na punda ili gari lisipite. Tilila aliniomba miaka mitatu, nikamkatalia miaka mitatu. Mwaka huu nilikubali. Akanunua ubao mpya, na mimi nikasafisha tupa zangu zote, nikazipanga juu ya meza ya kazi pale atakapoziona. Nilijua ya kwamba siku akiteremka Tizi juu ya vishimo vyangu, wale wote waliokuwa wakiniamkia huku wanapita wangeona haya. Nilisubiri aulete ubao. Siku ya tatu nikaanza kukohoa kila akipita.

Siku ya tano tulikuwa tunakula mkate wa shayiri na amlu, lozi zilizosagwa kwa mafuta ya argani na asali.

"Baba, usikasirike."

"Mtu akianza hivyo ameshaniudhi."

"Ubao wangu nimempelekea Idder."

Nilikuwa nimechovya mkate kwenye amlu. Niliendelea kuchovya mpaka ukakatikia ndani.

"Umempelekea, au unataka kumpelekea?"

"Nimempelekea. Nimeshasimama, alama zimeshapigwa."

"Umesimama mbele ya yule mtu, unainama-inama?"

"Mama alikuwepo. Yeye ndiye aliyenishika mikono nisianguke."

Nilimgeukia Ijja. Ghafla akawa na kazi kubwa ya kumimina chai.

"Ni Tizi, Baba," Tilila alisema polepole. "Mimi huegemea sana kisigino cha kushoto, hata wewe hunisema. Vishimo vinavyolingana vitaniangusha."

"Ubao wako wa kwanza nilichimba mimi. Ulikuwa na miaka sita."

"Najua, Baba. Niliupenda sana."

Nilikwenda kazini nikapachika mlango wa watu kichwa chini.

Sasa nisikilizeni, maana kuanzia hapa sijitetei. Jumatano nilikwenda Agadir nikanunua ubao wa aina ileile, rangi ileile. Nilitaka siku yenyewe, mbele ya watu, nimpe binti yangu ubao uliochimbwa kwa njia ya Idder lakini kwa mkono wangu, ili aone, na Idder aone, na Mbark aone kwa macho yake mawili. Njia nilikuwa nimeshaiiba kwa masikio pale mkahawani. Alhamisi, Ijja na Tilila walipokwenda kuoga hamamu, nilifunga mlango nikaanza.

Kilichokosekana ni mtu wa kusimama. Tilila nisingeweza kumwita, nilitaka aone kitu kilichokamilika. Basi nilipanda mwenyewe. Nikapaka magurudumu wanja, nikashika fremu ya mlango, nikaegemea kisigino cha kushoto kama anavyoegemea yeye. Mimi nina kilo tisini na tatu. Binti yangu, umpime na viatu na kofia ya chuma, hafiki hamsini na tano. Hesabu hiyo naijua vizuri, na siku hiyo haikunijia hata mara moja. Kichwani mwangu alikuwemo Idder peke yake, na meno yake.

Alama zilitoka pana na nyeusi. Nikafurahi, nikasema kumbe ndivyo, huyu kweli anajua. Nikachimba. Nyekundu ikatokea, nikaipita, nikafika tabaka la tatu. Nikapanda kujaribu: gurudumu la nyuma kushoto bado linauma. Nikachimba tena kidogo, nikapanda. Bado. Nikachimba tena. Nilipougeuza ubao, katikati ya kishimo kulikuwa na doa la bluu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Doa la pili, kwenye kishimo cha nyuma kulia, lilikuwa linaanza.

Nilikaa sakafuni. Fundi mwaminifu hapo hutupa ubao, na mimi nimetupa kadhaa maishani mwangu bila kusukumwa na mtu. Lakini hamamu haichukui siku nzima, na Agadir kwenda na kurudi ni mbali. Nikafungua kabati la Ijja nikachukua hina. Nikaikoroga na ndimu, nikaisiliba ndani ya vishimo vyote vinne, nikaiacha ikauke, nikaifuta, nikapaka nta. Bluu haikuonekana tena. Vishimo vilitoka rangi ya tende iliyoiva, vizuri kuliko chochote nilichowahi kutengeneza. Nikajiambia ukucha mmoja si kitu. Nikajiambia tena, Tilila ni mwepesi. Ndipo nilipozikumbuka kilo zake.

Ijumaa nilikuwa na ubao ule ndani. Jumamosi nilikuwa nao ndani. Nilikula, nikaswali, nikatania watu.

Jumapili asubuhi jua lilikuwa kali na tangi la maji limezungukwa na vijana. Idder alikuja na ubao wa Tilila ndani ya gunia la unga, akaniamkia mimi kwanza, kwa mikono miwili, kisha akampa mwenyewe. Tilila akaugeuza. Wote wakainamia kuangalia, na sauti ile waliyoitoa nilikuwa nikitolewa mimi zamani.

"Na mimi nimekuletea," nilisema, nikafunua shuka.

Mbao mbili, ndugu wa tumbo moja, zimelala juu ya lami. Vishimo vya Idder vilikuwa vya rangi ya mti na nyekundu. Vyangu vilikuwa vinang'aa.

"Kha!" alisema Mbark. "Haya binti, unavaa kanzu ya nani leo?"

Tilila alinitazama usoni muda mrefu. Aliona ninachotaka, ananijua. Akaushika ubao wangu.

"Nateremka na wa Baba."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema Idder, na sikuona amepepesa hata ukope. Akaomba kuutazama, akapitisha kidole gumba ndani ya kishimo cha nyuma, taratibu. "Ami, rangi hii umeipataje? Vijiko vyangu vya mlimau havijawahi kutoka hivi. Umechimba kwa ndani kidogo, lakini hizi mbao unazijua wewe kuliko sisi. Kazi nzuri. Wallahi, kazi nzuri."

Miaka miwili nilikuwa nimesubiri maneno hayo yatoke kwenye kinywa kile, na kila mtu ameyasikia. Yaliniingia matamu, na kabla hayajafika tumboni yakageuka nyongo. Alikuwa anaisifu hina. Kule pembeni Tilila alikuwa anafunga mkanda wa kofia yake chini ya kidevu, uso umejaa furaha.

"Usipande," nilisema.

"Baba, uliniruhusu."

"Nakuruhusu. Panda ule mwingine."

"Nimeshachagua."

"Panda wa Idder, nimekwambia. Huu una bluu."

Wakacheka. Ndiyo, walicheka! "Ami Bihi leo mnyenyekevu!" mmoja akasema. Mwingine akadakia, "Anaogopa kumwaibisha mgeni!" Nimejisifu miaka thelathini, na siku niliyosema ukweli juu ya kazi yangu wakaona ni adabu. Hata Idder alitabasamu, akaniambia, "Ami, wacha, mtoto amechagua mwenyewe," na Tilila akauweka mguu wa kushoto juu ya ubao.

Nilimsukuma. Sikumsukuma vizuri, alipepesuka, Ijja, aliyekuja nasi, akapiga kelele. Nikauchukua ubao, nikaulaza juu ya mawe mawili ukingoni mwa barabara, nikaruka nikaukanyaga kwa kisigino kwa kilo zangu zote. Haukuhitaji mara ya pili. Ulikatika nyuma, kutoka kishimo hadi kishimo, na pale ulipokatika hina haikuwa imefika. Bluu ilionekana kama mstari wa wino.

Hakuna aliyecheka. Idder alikuwa anakitazama kidole gumba chake.

Tilila alikiokota kipande cha nyuma, akakikwangua kwa ukucha.

"Umejua tangu lini?"

"Alhamisi."

"Leo Jumapili, Baba."

"Najua."

"Umekula na mimi Ijumaa. Umekula na mimi jana."

Alikiweka kile kipande chini, bila kukitupa, kwa upole ulioniumiza kuliko angenipiga nacho. Akachukua ubao wa Idder, akapanda, akasukuma mara mbili kwa mguu, na kona ya kwanza ikamficha.

Kutoka tangini huwezi kuona barabara, unaisikia tu. Magurudumu yanavuma juu ya lami kama mtu anayesaga kokwa za argani nyumba ya jirani, na gurudumu likiuma ubao, mlio wake unapanda mlima wote: kelele moja fupi, kisha kimya, kisha watu wanakimbia. Nimeusikia mara nyingi. Ijja alikuwa ameshika mkono wangu na kucha zake zimezama. Idder alikuja akasimama upande wangu wa pili, macho ameyafumba, anahesabu kona kwa vidole. Tatu. Nne. Kwenye ya tano, ile inayorudi nyuma kabisa, aliacha kupumua na mimi nikaacha.

Mvumo ulipinda nayo, laini, ukaendelea. Sita. Saba. Kutoka bondeni wakaanza kupiga mbinja.

"Umesikia chochote, Ami?" Idder aliniuliza.

"Sijasikia kitu."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikiwa nalia mbele ya watu wote. Na humohumo katika kushukuru, namwomba anisamehe, roho iliniuma kwamba ukimya ule haukuwa kazi ya mkono wangu.